Boti ya Amsterdam na Ile Hadithi Inayorukwa

Wacha nianze kwa kukiri. Siku niliyopanda boti ya watalii kule Amsterdam nilifanya yale yote ambayo huwa nawacheka watu wakifanya. Nilikimbilia kiti cha dirishani, simu juu, nikarekodi kila daraja tulilopita chini yake. Tulipofika kona ya mfereji wa Reguliersgracht, pale unapoona madaraja 7 yamejipanga mstari mmoja, hata mimi na mdomo wangu huu nilinyamaza. Mji ni mrembo, tusidanganyane.

Masikioni kulikuwa na sauti iliyorekodiwa ikitusimulia habari za matajiri, meli, viungo, na "Karne ya Dhahabu". Hiyo karne ilitajwa mara nyingi hadi nikachoka kuhesabu. Saa moja ikaisha, tukashushwa, asante, karibu tena. Nikabaki pale ukingoni najiuliza swali la kishamba tu: hiyo dhahabu ilitoka wapi?

Nimesoma sana tangu siku hiyo. Leo nataka tupande ile boti tena, mimi na wewe.

Kwanza, mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Hawa watu walifanya kazi. Mji umekaa juu ya tope na maji, kwa hivyo majengo ya zamani yamesimama juu ya magogo yaliyopigiliwa chini hadi yakafika kwenye mchanga mgumu. Jumba la kifalme pale uwanja wa Dam lina magogo 13,659 chini yake. Mwaka wa 1613 wakaanza kuchimba mifereji mitatu mikubwa, Herengracht, Keizersgracht na Prinsengracht, ikazunguka mji wa kale kama upinde.

Mifereji hiyo ilikuwa barabara za mizigo. Meli kubwa zilitia nanga bandarini, mali ikashushwa kwenye mashua ndogo, na mashua zikaingia mjini hadi karibu na mlango wa tajiri. Ukiinua macho utaona juu ya nyumba nyingi kuna boriti imetokeza nje, ina ndoano. Hapo ndipo kamba ilipitishwa, mzigo ukavutwa mpaka darini. Nyumba kadhaa hata zimeinamishwa mbele kidogo makusudi, mzigo usigonge ukuta ukipanda. Akili, si ndio? UNESCO iliiweka mifereji hii kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2010.

Sasa tuulize: ndani ya hilo gunia kulikuwa na nini?

Tuchukue kungumanga, ile mama anakuna kidogo kwenye pilau. Zamani hizo ilitoka visiwa vya Banda tu, Indonesia ya leo. VOC, kampuni ya Waholanzi iliyoanzishwa 1602, iliitaka yote peke yake. Mwaka wa 1621, chini ya Jan Pieterszoon Coen, ikavamia visiwa hivyo. Wenyeji walikuwa maelfu. Wengi wao waliuawa, wakafa njaa, wakauzwa utumwani au wakatoroka. Halafu mashamba yakalimwa na watumwa walioletwa kutoka kwingine, na kungumanga ikaendelea kufika Amsterdam kama kawaida.

Mwaka huo huo wa 1621 ikaundwa kampuni nyingine, WIC, ya upande wa Atlantiki. Kwa jumla meli za Waholanzi zilivusha Waafrika zaidi ya nusu milioni kupitia bahari hiyo. Na usidhani ni wafanyabiashara wachache wabaya tu. Kuanzia 1683, jiji lenyewe la Amsterdam lilimiliki theluthi moja ya kampuni iliyotawala koloni la Suriname, kule kwenye sukari na kahawa. Jiji lilikuwa na hisa, wasee. Jiji!

Boti ikipita Herengracht namba 502, tazama lile jumba. Ni makao rasmi ya meya. Lilijengwa 1672 kwa ajili ya Paulus Godin, mmoja wa wakurugenzi wa WIC. Sauti ya masikioni mwangu haikumtaja.

Nilikuwa nafikiri hii ni habari ya Afrika Magharibi, sisi wa huku haituhusu. Kumbe kati ya 1776 na 1778 VOC ilituma meli kutoka Cape mpaka Zanzibar kununua watumwa. Kampuni hiyo makao yake yalikuwa Amsterdam, na jengo bado lipo, siku hizi linatumiwa na chuo kikuu. Kwa hivyo mtu wa pwani yetu naye yumo kwenye hesabu za ule mji.

Najua kuna mtu atasema, "Wewe nawe, watu wako likizo, waache wafurahie." Sawa. Lakini boti hizo hizo hupita Prinsengracht namba 263, nyumba ambayo Anne Frank na familia yake walijificha wakati wa Wanazi. Pale tulisimuliwa, na boti nzima ikatulia. Hakuna aliyelalamika kwamba likizo yake imeharibiwa. Kwa hivyo watalii wanaweza kubeba ukweli mzito. Swali ni nani anaamua ni uchungu wa nani utatajwa.

Na inawezekana kabisa kuusimulia. Mwaka wa 2013 Jennifer Tosch, mzaliwa wa Marekani mwenye wazazi wa Suriname, alianzisha ziara za historia ya watu weusi Amsterdam, kwa boti. Mifereji ni ile ile, nyumba ni zile zile, ila maelezo yamebadilika. Mwaka wa 2019 Makumbusho ya Amsterdam yakaacha kutumia jina "Karne ya Dhahabu" kwa kipindi kile. Tarehe 1 Julai 2021 meya Femke Halsema akaomba radhi kwa niaba ya jiji, na tarehe hiyo hiyo 2023 Mfalme Willem-Alexander naye akaomba. Tarehe haikuokotwa tu: utumwa Suriname ulifutwa 1 Julai 1863. Wenye watumwa walilipwa fidia ya gilda 300 kwa kila mtu. Waliokuwa watumwa wengi wao walilazimishwa kufanya kazi miaka 10 zaidi. Hapo sina la kuongeza.

Msimamo wangu ni huu: panda boti. Kweli, panda, ule mji ulijengwa uonekane vizuri kutoka majini. Lakini ukiona ile ndoano juu ya nyumba, uliza mzigo ulitoka wapi na nani aliulima. Kama kuna mwongozaji, muulize kwa sauti ili wenzako pia wasikie.

Ile video yangu ya madaraja 7 bado iko kwenye ukurasa wangu. Sijaifuta, ni nzuri sana. Nimebadilisha tu maneno niliyoandika chini yake.