Beseni la Mama: Habari za Bustani za Uani Ilala

Mhariri wa jarida letu aliponiomba niandike habari ya historia kwa ajili ya mkutano wa mwaka huu, nilijua wenzangu wengi wangependa kusoma habari za walimu wetu, viboko na mechi za mpira. Mimi nimechagua mboga. Tuliosoma pamoja miaka ya 1990 mtaikumbuka sababu: jina langu la utani lilikuwa "Matembele".

Tuanze na majina ya mitaa. Mnazi Mmoja, Mchikichini, Sharifu Shamba: majina haya yanatukumbusha kwamba Ilala ilikuwa miti na mashamba kabla ya kuwa mji. Kariakoo ilipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Wakoloni waliigawa Dar es Salaam kwa rangi: Uzunguni kwenye bustani pana, Uhindini kwenye maduka, na Uswahilini kwenye viwanja vidogo. Juu ya viwanja hivyo ilisimama nyumba ya Kiswahili tunayoijua: vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma. Uani ndipo mama zetu walipolima. Mpapai ulikunywa maji ya bafuni. Palikuwa na mchaichai wa chai, mrehani wa harufu, kivumbasi cha kufukuzia mbu, na matembele chini ya ukuta.

Baada ya Uhuru kilimo kikapata baraka ya siasa. Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilileta majembe shuleni. Azimio la Iringa la 1972 likatangaza "Siasa ni Kilimo", na ukame wa 1973 na 1974 ukaleta Kilimo cha Kufa na Kupona, hata wafanyakazi wa mijini wakahimizwa kulima. Miaka ya 1980 mishahara haikutosha tena, ikawa karani na daktari wote wana tuta. Mwaka 1992 kanuni za serikali zilikitambua rasmi kilimo cha mjini, zikaweka kikomo cha ekari 3.

Nyumbani kwetu baba alikuwa karani, na mshahara ulikwisha katikati ya mwezi. Mama alikata matembele alfajiri, akafunga mafungu, nami nikayafikisha gengeni kabla ya kengele. Siku moja niliingia darasani na tope shatini, na jina likazaliwa. Jioni nilimwambia mama asipite tena njia ya shule na beseni lake. Hakunijibu. Alizunguka njia ya mbali mpaka nilipomaliza kidato cha nne. Ada yangu ilitoka katika beseni lile.

Uani ulipokuwa hautoshi, alipata matuta mawili ya mchicha bonde la Msimbazi. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne, maji ya mto yalikuwa ya bure, na soko la Kariakoo halikuwa mbali. Mwaka 1999, nilipokuwa naingia Chuo Kikuu, utafiti ulichapishwa ukionyesha kwamba mboga za kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi zilikuwa na madini mazito, pamoja na risasi na kadmiamu. Maji taka ya mji na viwanda yalikuwa yameingia mtoni. Mama alikuwa akiosha mafungu yake kwa maji yale yale, nasi tulikula.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa mtumishi wa serikali, niliandika notisi ya kuwaondoa wakulima katika bonde moja. Sababu zilikuwa za haki: afya na mafuriko. Mama mmoja aliisoma, akaniuliza, "Mwanangu, barua inasema nisilime hapa. Imesema nilime wapi?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo swali lile linanisumbua.

Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na mabondeni ndiko walikoumia wengi. Kule Kariakoo, nyumba za Kiswahili zimekuwa maghorofa, na uani umekwisha. Lakini tazameni vibarazani: ndoo, madumu yaliyokatwa, magunia yenye udongo na samadi. Bustani imepanda ngazi.

Ninyi wanafunzi mnaosoma sasa, kata kipande cha tembele, urefu wa rula yako, kifukie nusu katika gunia, mwagilia maji ya bomba. Baada ya mwezi na nusu hivi utachuma. Nasi wazee wenu tukubaliane katika mkutano huu kununua matangi na samadi kwa ajili ya ule uwanja mtupu nyuma ya maabara. Mimi nitaleta mbegu za matembele kutoka kwa mama. Safari hii amekubali kupita njia ya shule, na beseni nitalibeba mimi.