Kolwezi: Baada ya dipolome, mlango gani? Fasi za kujifunza kazi ndani ya Lualaba

Siku matokeo ya Examen d'État yanatoka, vijana wa Dilala na Manika wanajipaka poda nyeupe kichwani, wanaimba barabarani, wazazi wanapika. Wiki mbili kisha, poda imetoka, na nyumba nyingi zinabaki na swali moja: sasa mtoto anaenda fasi gani? Masomo ya juu yanaomba makuta ambayo si kila mzazi ako nayo. Kompani za mungoti zinaomba ujuzi ambao dipolome peke yake haionyeshi. Na kule kwenye mashimo, fasi wachimbaji wa mikono wanatafuta shaba na kobalti, hakuna mtu anauliza dipolome. Njo maana wengi wanaishia kule.

Tunaeleza hapa njia za kujifunza kazi ambazo ziko Kolwezi na karibu yake, kila moja inatumika namna gani, na sheria ambazo kijana anapashwa kujua mbele ya kutia sahihi fasi yoyote.

Kompani inatafuta nani?

Lualaba ilizaliwa kama jimbo mwaka 2015, wakati Katanga iligawanywa katika majimbo manne. Kolwezi ikawa mji mkubwa wake, na teritware tano zikaizunguka: Mutshatsha, Lubudi, Dilolo, Sandoa na Kapanga. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, na sehemu kubwa ya hiyo inatoka hapa. Mtu wa mbali akisikia hivyo anafikiri kazi zimejaa.

Lakini mungoti wa leo unatumika na mashini. Gari moja la kubeba mawe linafanya kazi ya mamia ya watu wenye chepeo. Wale kompani inawatafuta kweli ni fundi wa umeme, fundi wa mashini nzito, sudere, mtu wa maabara anayejua kupima madini, dereva wa mashini mwenye saa nyingi za kuendesha, na mtu wa usalama kazini. Wengine wanaingia kupitia kompani za sutretansi, na wengi kati yao ni jurnalie: wanaitwa leo, kesho hawajui. Kwa hiyo mtu hapashwi kuuliza paka "kazi iko wapi?" Aulize vilevile "mimi najua kufanya nini, na nani anaweza kushuhudia?"

Wazee wa mji huu wanajua jambo hilo vizuri. Union Minière, iliyoanzishwa 1906, na kisha yake Gécamines, zilifundisha watumishi wao zenyewe. Mtoto wa mtumishi aliingia shule ya kompani, akatoka fundi, akakamata kazi fasi baba yake alitumika. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani karibu 476,000 za shaba. Mwezi wa 9 mwaka 1990 mungoti wa Kamoto, wa chini ya udongo, ukaanguka, na vita na siasa vikaongeza shida. Kufika 1994 tani zilishuka karibu na 30,000. Mwaka 2003 watumishi zaidi ya 10,000 walitolewa kazini katika mpango wa "kuondoka kwa mapenzi" uliolipwa na feza za Benki ya Dunia. Mapenzi gani, watu wanauliza mpaka leo. Ile siku matricule ya Gécamines ilipoteza nguvu. Aliyekuwa na ufundi wa kweli mikononi alifungua atelye kando ya barabara, akatengeneza mapompi, mageti na motere. Aliyekuwa na matricule peke yake alibaki anangoja.

INPP

Mlango wa kwanza wa kupiga hodi ni Institut National de Préparation Professionnelle, ile wote wanaita INPP. Iliundwa tarehe 29 mwezi wa 6 mwaka 1964, wakati nchi ilikosa mafundi kisha Wabelgiji kuondoka kwa wingi. Iko na direksio katika majimbo, na Lualaba ako na yake Kolwezi.

INPP si shule ya miaka mingi. Inafundisha kazi kwa muda mfupi: umeme wa nyumba na wa kiwanda, kuunganisha vyuma, ufundi wa magari, mapompi, mbao, frigo, informatike, ushonaji na nyingine, kufuatana na mji. Inapokea watu wa namna tatu: mwenye kutafuta kazi, mtumishi aliyetumwa na patron wake aongeze ujuzi, na fundi aliyejifunza barabarani ambaye anataka karatasi inayoonyesha kile anachojua tayari. Hii ya tatu watu wengi hawaijui, na kwa maoni yetu ndiyo yenye faida ya haraka. Kama umesudia mageti miaka sita bila breve, kwenda kupimwa na kupewa karatasi kunaweza kukuhesabia kuliko kuanza masomo upya.

Jambo lingine: INPP inaishi na feza za mapatroni. Sheria inaomba kila patron alipe sehemu ya mishahara anayotoa: asilimia 3 kwa kompani za serikali na kwa kompani yenye watumishi kufika 50, asilimia 2 kwa yenye 51 kufika 300, na asilimia 1 kwa yenye kupita 300. Kwa hiyo, kama unatumika kwenye kompani, patron wako analipa tayari juu ya mafunzo. Si vibaya hata kidogo kuuliza biro ya watumishi: mwaka huu nani anatumwa INPP? Delege wa sendika anaweza kuuliza kwa jina la wote.

Shule ya ufundi, ao kukaa kwa fundi

Kwa mtoto ambaye hajafika mwisho wa sekondari, mzazi anapashwa kuamua mapema. Kisha miaka miwili ya kwanza ya sekondari (ya saba na ya nane), mtoto anachagua njia ya miaka minne. Hapa kwetu wengi wanapelekwa pedagojia ao komersiale juu ni karibu na minervale yake ni ndogo. Umeme, mekanike na kemia ya kiwanda vinaomba atelye, na atelye inaomba makuta. Kolwezi iko na shule ya ufundi ya Mutoshi, inayojulikana tangu wakati wa Gécamines. Mwenye ndugu Lubumbashi, karibu kilometa 300, anaweza kufikiri vilevile juu ya Institut Technique Salama ao Cité des Jeunes, zote mbili za mapadri wa Don Bosco.

Ukitembelea shule, usiangalie rangi ya ukuta. Omba kuingia atelye. Mashini ngapi zinatembea? Mtoto anagusa mashini mara ngapi kwa juma? Umeme unakatika, wanafanya nini? Kuna shule ambazo mtoto anamaliza mekanike na hajafungua motere hata moja. Amechora paka ubaoni.

Kuna vilevile njia ya zamani kuliko zote, ya kukaa kwa fundi. Mama anapeleka kijana wake kwa mzee wa garaje, wanapatana, na kijana anaanza kwa kufagia. Njia hii imelisha watu wengi Kolwezi na si ya kuidharau. Shida yake ni kwamba mapatano yanabaki ya mdomo, na kijana anaweza kufagia miaka miwili. Kode ya kazi ya Kongo, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002, inaomba kontra ya kujifunza kazi iwe ya maandishi. Karatasi moja inatosha: kazi gani anajifunza, muda gani, nani analipa nini, na mwisho fundi atatoa karatasi ya ushuhuda. Fundi mwaminifu hatakataa.

Wanaotoka kwenye mashimo

Kode ya madini ya 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 mwezi wa 3 mwaka 2018, inakataza watoto kwenye mungoti. Karte ya mchimbaji wa mikono ni ya Mkongomani mwenye umri wa mtu mzima. Tunajua wote kama watoto wako kule bado, wanaosha mawe ao wanabeba mifuko. Kuwatoa bila kuwapa kitu kingine ni kuwarudisha kesho yake.

Masista wa Bon Pasteur wanatumika Kolwezi zaidi ya miaka kumi sasa: watoto wanarudishwa masomoni, wamama na wasichana wanajifunza kazi na kilimo. Shirika la Pact liliendesha mradi wenye jina la Kiswahili chetu, Watoto Inje ya Mungoti, na likaweka vijana kwa mafundi wa mji wajifunze kazi. Serikali nayo ilianzisha mradi PABEA-Cobalt, kwa feza za Benki ya Maendeleo ya Afrika, kwa Haut-Katanga na Lualaba: watoto wapelekwe masomo, na vijana na wazazi wao waelekezwe kwenye kilimo na ufugaji. Miradi inaanza na inaisha kwa kalandari yake, kwa hiyo uliza kwanza kwenye biro ya komini ao kwa mkubwa wa kartie kama kuandikisha kungali wazi.

Kilimo, vijana wanacheka tukikitaja. Lakini unga na mboga za Kolwezi nyingi zinatoka mbali, na bei inapanda kila mara barabara inaharibika. Anayejua kufuga kuku vizuri karibu na mji huu hana haja ya kumwomba mtu kazi.

Masomo ya juu

Hapa tunasema kwa kifupi, juu njia hii inajulikana. Kolwezi iko na Université de Kolwezi na ISTA, ambayo ni ya ufundi. Fakulte ya polytechnique ya Lubumbashi inabaki njia ya wenye kutaka kuwa enjenieri. Tangu mfumo wa LMD uingie, lisansi ni ya miaka 3. Sitaji ndiyo inafungua mlango, na kompani zinapokea watu kidogo. Anza kuomba miezi mingi mbele, na barua yenye muhuri wa shule yako.

Dada zetu

Msichana akisema anataka umeme ao kuendesha mashini nzito, nyumbani wanamwambia si kazi ya mwanamke. Kwenye mingoti ya Lualaba wanawake wanaendesha magari makubwa ya mawe, na wanalipwa juu ya kazi hiyo. Kwa mwanamke aliyeolewa, kode ya familia iliyorekebishwa tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016 iliondoa ile ruhusa ya bwana iliyokuwa inaombwa zamani. Patron anayeidai leo yuko nyuma ya sheria.

Mbele ya kutia sahihi

Kwanza, makuta ya kununua kazi. Mtu anakupigia simu, anajua jina la kompani, anajua jina la mukubwa fulani, anaomba dola mia ao zaidi "ya kupitisha dosie". Usitoe. Kompani yenye kutafuta mtumishi haiuzi fasi. Jiandikishe Onem, ofisi ya serikali ya kazi, ambayo inaandika watafutaji wa kazi; karte yake inaombwa mara nyingi kwenye dosie.

Angalia vilevile vituo vya kufundisha mashini nzito, ambavyo vimekuwa vingi. Uliza: mashini ni yenu ao ya kukodi? Mimi mwenyewe nitakaa kwenye kiti saa ngapi? Breve yenu inajulikana na INPP? Kama majibu yanazunguka, rudi na makuta yako nyumbani.

Halafu kontra. Majaribio kwa mtumishi asiye na ujuzi maalum hayapiti mwezi 1. Kwa wengine, miezi 6. Kontra ya muda haipiti miaka 2, na hairudiwi zaidi ya mara moja. Na kwa majurnalie, sikilizeni vizuri: mtu anayeitwa siku kwa siku, akiisha kufanya siku 22 katika miezi miwili, akiitwa tena mbele ya ile miezi miwili kuisha, sheria inamhesabu kama mtumishi wa kontra isiyo na mwisho. Njo maana wengine wanasimamishwa kila siku ya ishirini, kisha wanarudishwa. Andika mwenyewe, kwenye daftari, kila siku uliyotumika, fasi gani na nani alikupa kazi. Bila daftari, ni neno lako mbele ya neno la patron.

Tena, chagua ufundi ambao hauna bwana mmoja. Mwisho wa 2019 Glencore ilifunga mungoti wa Mutanda juu bei ya kobalti ilianguka, na kazi ilirudi karibu miaka miwili kisha. Mwezi wa 2 mwaka 2025 serikali ilisimamisha kutoa kobalti inje ya nchi, na kuanzia mwezi wa 10 kila kompani inafuata kipimo. Siku kama hizo dereva wa gari la tani mia anakaa nyumbani, juu gari lile halina kazi mjini. Fundi wa umeme, wa frigo ao wa mapompi anapata bado nyumba ya kutengeneza.

Ukiwa na ugomvi na patron, biro ya kwanza ni Inspection du travail. Tribinali haipokei ugomvi wa mtumishi mmoja kama haujapita kule. Usikae sana. Ya mshahara usiolipwa, sheria inakupa mwaka 1 wa kudai. Mengine mengi ya kontra, miaka 3. Beba kontra kama iko, bilete za malipo, na lile daftari.