Programu Si Mtu: Hoja Kuhusu Udhibiti wa Intaneti Ndani ya Kompyuta Moja

Utangulizi

Kwa miaka mingi ulinzi wa kompyuta umefikiriwa kama ulinzi wa boma: adui yuko nje, na kazi ya mlinzi ni kumzuia asiingie. Windows XP ilipowekewa kinga-mtandao inayojiwasha yenyewe, mnamo Agosti 2004, kinga hiyo ilichunguza yanayoingia tu. Uwezo wa kuchuja yanayotoka ulikuja na Windows Vista, na hata leo Windows humwachia njia ya kutokea kila asiyewekewa katazo. Wahenga walikwisha kutuonya: kikulacho ki nguoni mwako. Programu inayoiba orodha ya wateja haina haja ya kubisha hodi. Imeshasakinishwa, na inachotafuta ni mlango wa kutokea.

Makala hii inatetea hoja mbili. Kwanza, ruhusa ya kufika kwenye intaneti itolewe kwa kila programu kulingana na kazi yake, badala ya kutolewa kwa kompyuta nzima. Pili, kuizuia programu na kumzuia mtu ni mambo tofauti kimaadili, ingawa kiufundi yanatekelezwa kwa amri ileile.

Akaunti kama kitambulisho

Msingi wa hoja ya kwanza uliwekwa na Jerome Saltzer na Michael Schroeder mwaka 1975, walipofafanua kanuni kwamba kila programu na kila mtumiaji apewe mamlaka madogo kabisa yanayotosha kazi yake. Kwa kanuni hiyo, programu ya uhasibu inayosoma hesabu zilizomo kwenye diski haistahili intaneti, hata kama aliyeitengeneza ni mwaminifu.

Ugumu uko katika kuitambua programu. Pakiti inayotoka haibebi jina la aliyeituma, na jina la faili ni ushahidi dhaifu, kwa sababu faili hunakiliwa na kubadilishwa jina kwa sekunde chache. Linux ilijifunza hili kwa vitendo. Chombo chake cha iptables, kilichokuja na toleo la 2.4 mwaka 2001, awali kiliweza kuchuja pakiti kwa jina la amri au namba ya mchakato. Vigezo hivyo viliondolewa baadaye kwa kuwa havikuaminika kwenye kompyuta zenye prosesa zaidi ya moja. Vilivyodumu ni namba ya mtumiaji na namba ya kundi, kwa sababu hizo hutunzwa na kiini cha mfumo chenyewe na programu ya kawaida haiwezi kujibadilishia.

Kwa hiyo njia ya kuaminika ni kuipa programu akaunti yake. Msimamizi huunda akaunti maalumu, huiendesha programu chini ya akaunti hiyo, kisha huamuru kwamba chochote kinachotoka kwa namba hiyo kikataliwe. Android imejengwa kwa wazo hilihili: kila programu ya kawaida hupewa namba yake ya mtumiaji. Hata hivyo, Android inadhihirisha pia kwamba uwezo bila utashi hautoshi. Programu ikitaka kamera au mahali ulipo, mwenye simu huulizwa. Ikitaka intaneti, hupewa wakati wa kusakinishwa bila yeye kuulizwa. Anayelipia bando ndiye asiyeshirikishwa katika kuamua nani alitumie. Huo ni uamuzi usiofaa, na unapaswa kupingwa.

Mianya ya katazo

Katazo likishawekwa, kosa la kwanza ni kuliamini mno. Amri ya iptables hugusa IPv4 pekee. Asiyeweka amri ya pili kwa ajili ya IPv6 amefunga mlango wa mbele na kuacha wa uani. Tangu mwaka 2014, chombo kingine cha Linux, nftables, kinawezesha kanuni moja kugusa zote mbili. Mwanya wa pili ni wa majina: katika mifumo mingi, kutafuta anwani za tovuti hufanywa na huduma ya ndani yenye akaunti nyingine, hivyo programu iliyozuiwa inaweza kuituma huduma hiyo na kupenyeza siri ndani ya majina inayoyauliza. Mwanya wa tatu ni kuiomba programu yenye ruhusa, kama kivinjari, ifungue anwani iliyobeba data.

Kwa data nyeti, basi, ni bora kuiendesha programu ndani ya nafasi ya mtandao iliyotengwa, ambako hakuna njia ya kwenda nje kabisa. Atakayedai kwamba programu zikizuiwa zitakosa masasisho anasahau kwamba kusasisha ni kazi nyingine. Katika Linux kazi hiyo kwa kawaida hufanywa na meneja wa vifurushi, na programu yenyewe haihusiki.

Pale namba inapokuwa mtu

Amri inayoinyima intaneti programu ya uhasibu inaweza kumnyima karani pia, kwa kubadilisha namba moja tu. Hapo ndipo ufundi hautoshi. Programu haina haki ya kujua kwa nini imezuiwa, karani anayo. Akizuiwa kimyakimya, atahangaika akidhani kifaa kimeharibika, au atajua kwamba hakuaminiwa bila kupewa nafasi ya kujieleza.

Marekani imelipitia suala hili. Sheria ya mwaka 2000 iliyozitaka maktaba zinazopokea ruzuku za serikali kuweka vichujio iliruhusu pia kichujio kuzimwa kwa mtu mzima mwenye haja halali. Mahakama ya Juu ilipoikubali sheria hiyo mwaka 2003, wepesi wa mtu mzima kuomba kichujio kizimwe ulikuwa miongoni mwa hoja zilizozingatiwa. Katazo lilikubalika, kwa sehemu, kwa sababu lilikuwa na mlango wa kuombea.

Hitimisho

Kwa programu, kanuni ya msingi iwe kukataa, na ruhusa itolewe kwa sababu inayoeleweka. Kwa mtu, kanuni iwe kuruhusu, na kila katazo liandikwe, liambatane na sababu, lijulikane kwa anayehusika, na liwe na mahali pa kukatia rufaa. Kompyuta huziona namba mbili zinazofanana. Kutofautisha ni wajibu wa msimamizi, na wajibu huo hauwezi kukabidhiwa kwa kinga-mtandao.