Tyneham: Kitongoji Kilichoazimwa na Jeshi

Msikilizaji, tukisimuliwa habari za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hutajiwa majemadari na miji iliyoteketezwa kwa mabomu. Leo naomba tukiangalie kitongoji kimoja cha Uingereza ambacho hakikuuawa na adui, bali na jeshi la nchi yake. Ni Tyneham, huko Dorset, karibu na bahari ya kusini.

Novemba 1943 wakazi walipokea barua ya jeshi: wawe wamehama ifikapo tarehe 19 Desemba. Kambi jirani ya Lulworth ilihitaji nafasi zaidi ya vifaru kufanyia mazoezi ya mizinga, maana maandalizi ya kuivamia Ulaya yalikuwa yamepamba moto. Watu wapatao 225 wa bonde lile wakafunga virago. Wengi walikuwa wapangaji katika ardhi ya ukoo wa Bond, kwa hiyo fidia yao ilikuwa ya mboga zilizokuwa bustanini. Naam, kabichi ililipiwa. Aliyeipanda akaambiwa aondoke.

Mlangoni mwa kanisa waliacha karatasi ya kuwaomba askari wayatunze majengo, kwani wao wangerudi. Ndivyo walivyoahidiwa. Vita vikaisha 1945, wakangoja. Mwaka 1948 Serikali ikaitwaa ardhi ile moja kwa moja kwa sheria ya ununuzi wa lazima. Hoja ilikuwa ile ile, ulinzi wa taifa, ila sasa aliyeogopwa alikuwa Mrusi.

Tusikipambe kitongoji kile kupita kiasi. Shule yake ilikuwa imefungwa tangu 1932 kwa uhaba wa watoto. Vijana walikuwa wakihama hata kabla ya jeshi kuja. Lakini kuhama kwa hiari ni jambo moja, kuhamishwa ni jingine.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 kulizuka kampeni ya kudai ardhi irudishwe. Haikurudishwa. Kilichopatikana ni ruhusa ya kutembelea, mara nyingi mwisho wa wiki na siku za sikukuu. Shule na kanisa vimekarabatiwa na kuwekwa maonyesho. Nyumba zimebaki kuta bila paa. Wapo wanaolisifu jeshi kwamba limewanusuru ndege na maua ya pale dhidi ya mahoteli na mbolea za viwandani. Ni kweli limewanusuru, ingawa si hilo walilokuwa wameahidiwa wenyeji. Siku nyingine za juma barabara hufungwa, na mizinga ya Lulworth huendelea kulia.