Historia ya Jina la Maradhi ya Kushindwa Kuzoea Mabadiliko

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, matabibu wa jeshi la Marekani waliwapokea askari wengi waliofadhaika, ambao kabla ya vita hawakuwa na dalili yoyote ya maradhi ya akili. Majina ya zamani yalikuwa yametungwa hasa kwa ajili ya wagonjwa wa kudumu waliolazwa hospitalini, wala hayakuwafaa watu hao. William Menninger aliongoza kazi ya kutunga orodha mpya, nayo ikawa asili ya kitabu cha maradhi ya akili kilichotolewa na chama cha matabibu hao wa Marekani mwaka 1952.

Humo fadhaa hiyo ilihesabiwa kuwa ni hali ipitayo, iletwayo na mambo ya maisha, ikagawanywa kwa umri tangu utoto mchanga hadi uzee. Mgawanyo huo ulibaki katika toleo la 1968. Lakini umri haumwelezi tabibu kile kinachomsumbua mgonjwa. Kwa hiyo mwaka 1980 toleo la tatu liliuacha umri, likafuata dalili: huzuni, wasiwasi, mwenendo mbaya, au mchanganyiko wake. Tena lilitaka chanzo kijulikane, na dalili zianze katika muda wa miezi 3.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake iliyochapishwa mwaka 1992, liliweka mwezi 1. Basi mtu aliyefukuzwa kazi, akaanza kudhoofika katika mwezi wa pili, aliingia katika mpaka wa kitabu kimoja na kutoka katika mpaka wa kingine, hali maumivu yake ni yale yale.

Orodha mpya ya Shirika hilo, iliyoanza kutumika mwaka 2022, inatazama zaidi kiini cha jambo: mawazo juu ya tatizo yasiyomtoka mtu, na kushindwa kwake kuendelea na shughuli zake.

Katika Kiswahili, mfiwa aliyeketi matanga haitwi mgonjwa. Ana msiba, na watu humpa muda. Vitabu hivyo navyo havihesabu huzuni ya kawaida ya kufiwa kuwa maradhi. Ndiyo maana mfasiri hana budi kuchagua kwa uangalifu. Neno “kujirekebisha” ladokeza kosa la mgonjwa mwenyewe, “kuzoea” halimlaumu. Jina likipanuliwa mno, kila mwenye majonzi atapewa dawa. Likibanwa mno, anayestahili tiba ataambiwa avumilie.