Jinsi Homa ya Bonde la Ufa Ilivyopata Kipimo Kaskazini Mashariki

Homa ya Bonde la Ufa haitambuliki kwa kumtazama mgonjwa. Siku za kwanza huleta homa, kuumwa kichwa na viungo, kama malaria, na mvua kubwa huleta maradhi yote mawili kwa pamoja. Damu ikianza kutoka puani na kwenye fizi, ini limekwisha kuharibika, na takribani nusu ya wanaofikia hatua hiyo hufa.

Virusi vyake viligunduliwa Kenya. Mwaka 1930 wanakondoo walikufa kwa wingi katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha. Watafiti Daubney, Hudson na Garnham walichuja damu ya mifugo wagonjwa hadi isibaki bakteria, wakawadunga wanakondoo wazima, nao wakaugua. Taarifa yao ilitoka mwaka 1931. Wao wenyewe walishikwa na homa hiyo kazini. Kwa miaka mingi kipimo kilibaki hicho: kumdunga mnyama na kungoja.

Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, iliumia vibaya mwishoni mwa 1997. Mvua za El Niño zilifurisha nchi, mifugo ikatupa mimba, watu wakafa wakivuja damu. Mwezi Desemba ziliripotiwa habari za vifo 478 visivyoeleweka katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na kusini mwa Somalia. Jibu lilitoka mbali: sampuli zilipimwa Afrika Kusini na Marekani, na kati ya watu 36 wa kwanza waliopimwa, 17 walikutwa na maambukizi mapya. Baadaye wananchi walipopimwa damu, ilikadiriwa kuwa watu 27,500 waliambukizwa katika wilaya ya Garissa peke yake. Wengi wao hawakuwahi kuandikwa katika daftari la hospitali yoyote.

Ugonjwa uliporudi mwishoni mwa 2006, tena ukianzia Garissa, damu ilipimwa Nairobi katika KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na majibu yakatoka Desemba hiyo hiyo. Kipimo cha vinasaba vya virusi kilitumika hata katika maabara ya uwandani, kikawatambua wagonjwa wenye virusi vingi damuni, ambao ndio waliokuwa hatarini zaidi. Hadi mlipuko unakwisha, Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 684 na vifo 155.

Wafugaji Wasomali walikuwa na utambuzi wao. Ugonjwa wanauita sandik, kwa ile damu ya puani, na waliunganisha mvua ndefu, makundi ya mbu na mimba zinazotoka kabla maabara haijasema neno. Utafiti uliofanywa baada ya mlipuko huo wa 2006 ulionyesha kuwa huduma za mifugo zilifika takribani miezi miwili baada ya wanyama wa kwanza kuugua. Ni ucheleweshaji mkubwa mno kwa jamii iliyokwisha kuona dalili.

Uchaguzi wa kipimo hutegemea siku za ugonjwa. Siku chache za mwanzo virusi vingali damuni, hivyo hutafutwa vinasaba vyake. Baadaye virusi hutoweka na kingamwili za awali hujitokeza. Hizo huthibitisha maambukizi ya karibuni. Kingamwili zinazodumu huonyesha tu kwamba mtu aliwahi kuambukizwa. Kwa hiyo mgonjwa wa Balambala, ukingoni mwa Mto Tana, upande wa juu wa mto kutoka mji wa Garissa, anapochukuliwa damu, tarehe homa ilipoanza ni lazima iandikwe kwenye fomu ya sampuli, pamoja na maelezo kama alichinja, alikamua au alizalisha mnyama mgonjwa.