Umanjano mkali wa watoto wachanga

Umanjano wa mtoto mchanga ni hali ya ngozi na weupe wa macho kugeuka njano kwa sababu ya bilirubini, rangi inayotokana na kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu. Mtoto huzaliwa na chembe hizo kwa wingi, nazo huishi muda mfupi kuliko za mtu mzima, ilhali ini lake bado changa na haliwezi kuiondoa rangi hiyo upesi. Takriban watoto 6 kati ya 10 waliotimiza miezi, na 8 kati ya 10 walio njiti, hupata umanjano katika wiki ya kwanza. Wengi hupona wenyewe.

Bilirubini ikizidi mno hupenya hadi kwenye ubongo. Mtoto hulegea, husinzia kupita kawaida na kunyonya kwa shida. Baadaye hupinda mgongo kwa nyuma, hulia kwa sauti kali na kupatwa na degedege. Akinusurika anaweza kubaki na uziwi au mtindio wa ubongo. Madhara hayo ya kudumu huitwa kanikterasi, na karibu yote yanazuilika.

Ugumu wa kuyazuia umo katika kalenda. Kwa mtoto aliyetimiza miezi, bilirubini hufika kileleni kati ya siku ya 3 na ya 5, wakati mama aliyejifungua salama mara nyingi ameruhusiwa baada ya saa 24 tu. Ndiyo maana mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mtoto apimwe kwa kifaa kinachowekwa juu ya ngozi kabla ya kutoka kituoni. Kipimo husomwa pamoja na umri wa mtoto kwa saa, kama ilivyoonyeshwa na chati ya mtafiti Bhutani na wenzake ya mwaka 1999: miligramu 8 kwa desilita ni kiwango cha kutia hofu katika saa ya 24, lakini katika saa ya 72 si cha kutisha. Hata hivyo kipimo kimoja hakitoshi. Marudio ya kliniki kati ya saa 48 na 72 yana uzito uleule.

Jicho hudanganya, hasa kwenye ngozi nyeusi. Pasipo kifaa, mtoto atazamwe kwenye mwanga wa mchana: macho, fizi, viganja na nyayo. Umanjano uliotokea ndani ya saa 24 za kwanza, au uliofika kwenye viganja na nyayo, ni wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Kinga huanza kliniki ya wajawazito, kwa kujua kundi la damu. Mama mwenye Rh hasi aliyejifungua mtoto mwenye Rh chanya huchomwa sindano ya anti-D ndani ya saa 72, ili mimba zijazo zisidhurike. Mtoto apewe dang'a mapema, anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, na asipewe maji wala glukosi. Katika maeneo yenye historia ndefu ya malaria, pwani ya Afrika Mashariki ikiwemo, wapo watoto wengi wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Hao huweza kuvunjikiwa damu ghafla kwa kuvishwa nguo zilizohifadhiwa na vidonge vya naftalini, kwa hiyo vidonge hivyo visikae kabisa kwenye sanduku la nguo za mtoto.

Tiba kuu ni mwanga wa buluu, ambao huibadili bilirubini iwe ya kutoka mwilini kwa urahisi. Ilianzia hospitali ya Rochford, Uingereza, katika miaka ya 1950, pale muuguzi Jean Ward alipoona watoto aliowatoa nje kwenye jua wakipungua unjano mahali ngozi ilipokuwa wazi. Umanjano usiposhuka kwa mwanga, mtoto hubadilishwa damu.

Kumwanika mtoto juani nyumbani si mbadala wa tiba hiyo: jua huunguza na kumkausha maji, na saa za kumwokoa hupita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka Lagos, Nigeria, ulionyesha kwamba jua linaweza kutibu, lakini ni jua lililochujwa kwa turubai maalumu linalozuia miale hatari, na wauguzi wakipima joto la mtoto kila mara.